Mti Ambao Hukuutaja

Goma, Alhamisi asubuhi

Mpendwa Mama Furaha,

Bahasha ya barua hii sikuibandika, na si kwamba gundi imekwisha Goma. Najua wewe husomi. Najua katekista wa Kibumba ndiye atakayekusomea, na najua pia kwamba katekista wenu hajawahi kuweka siri hata kwa muda wa kunywa chai. Safari hii namwomba asiiweke. Katekista, soma kwa sauti, soma polepole, na kama kuna mtu anapita njiani na jembe lake mwite aingie. Wasikie wote: mama mkwe, shemeji zangu, majirani. Zaidi ya wote wasikie wale watu wa Munigi ambao, nimeambiwa, wamesimamisha maneno ya ndoa ya mdogo wako Leokadia, kwa kuwa hawataki kuchukua mke katika nyumba ya walozi.

Habari hiyo nilipewa sokoni Jumatatu na yule mama wa kwenu anayeuza viazi. Alikuwa ananichagulia viazi, akasema bila kunitazama, "Mutoto wa watu atazeekea kwa mama yake, juu ya maneno ya bibi yako." Bibi huyo ni wewe, mke wangu. Nikajifanya sikusikia. Nilipofika nyumbani niligundua nimeviacha viazi palepale.

Mama Furaha, wewe si mlozi. Mlozi hakuna katika habari hii. Kuna mume mwenye kiburi aliyefanya ujinga, akaogopa, akakuacha uubebe. Miaka mitatu sasa. Leo tunasikia maneno ya uhuru kutoka Leopoldville, kila mtu anasema atajisimamia mwenyewe, nami sijaweza hata kusimama mbele ya kosa langu. Naona haya kuandika. Lakini nitaanza tangu mwanzo, ili watu wa Munigi wasiseme nimeruka pahali.

Unakumbuka ile raketi ya kwanza niliyoleta nyumbani? Serkle yetu, kile chama cha makarani, ilikuwa imepewa meza ya pingpong na raketi nne ambazo Wazungu walikuwa wamezichoka. Niliingia nayo kama mtu aliyebeba monstransi ya Ekaristi. Wewe ulikuwa unachambua maharagwe. Ulifuta mikono, ukaishika, ukagonga ile ngozi yake kwa kucha. Ngozi ndivyo tulivyouita ule mpira uliobandikwa juu ya ubao. Ukasema, "Baba Furaha, hii ni ukwato wa ng'ombe." Furaha alikuwa bado tumboni, lakini ulikwisha kuniita hivyo, tukacheka sana.

Nikakueleza, kwa ile sauti yangu ya mwalimu, kwamba ngozi ya raketi inatakiwa inate. Isiponata, kipira kinateleza, kinaenda kinakotaka chenyewe. Ikinata, unakishika kidogo tu, unakizungusha, na mtu wa upande wa pili anaona kipira kinakuja kulia kumbe kinaruka kushoto. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Basi tutafute ngozi nyingine."

Siku hizo ndizo ninazozikumbuka zaidi, na ndizo zinazoniuma. Tulikwenda pamoja gareji kuomba mipira ya ndani ya magurudumu, ile iliyopasuka. Nilitaka kuchukua wa kwanza niliouona. Ulininyang'anya. Uliichagua kama mtu anayechagua mbegu: unauvuta, unauachia, unausikiliza, unauweka kwenye mdomo wa chini, unaunusa. Wa baiskeli ulisema ni mwembamba, utapasuka. Wa lori ulisema umekufa. Halafu ukapata kipande chekundu, cha gari dogo la zamani, ukakikunja, kikarudi chenyewe mkononi mwako.

"Hii ingali hai," ukasema.

Mimi nilikuwa nimesoma seminari miaka sita, na sikujua kwamba mpira hufa.

Ulikiosha kwa maji ya majivu, ukakianika nyuma ya mlango, kivulini, kwa sababu jua linakikausha na vumbi la mawe ya volkano linakaa juu yake halitoki tena. Nikakibandika kwa gundi ya baiskeli. Kilikuwa kizuri kuliko ukwato wa kwanza, lakini hakikunata vya kutosha. Nikaanza kunung'unika. Ndipo uliponiambia, ukitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, "Kama unatafuta kintu cha kunata, kwa nini hukuniuliza mimi? Kaka zangu walikamata ndege wangapi katika mtama wa Kibumba?"

Ulimbo. Wewe ulijua ulimbo tangu utotoni. Tulipokwenda Rutshuru kumsalimu Papa, baba yangu, uliamka mapema, ukachanja ule mti wa kwenye lupango lake, ule ua wa miti, ukakinga maziwa yake katika chupa ndogo. Nyumbani uliyachemsha na mafuta ya mbarika, moto mdogo, unakoroga na kijiti, mpaka yakavutika kama uzi. Mafuta yakipungua, ulisema, inakauka. Yakizidi, inakamata vumbi lote la Goma. Ukapaka ngozi kwa unyoya wa kuku, mara moja tu, nyembamba, ukaifunika kwa jani la mgomba usiku kucha.

Asubuhi tuliijaribu. Unakumbuka? Tulikandamiza kipira kwenye ngozi, tukageuza raketi juu chini, tukaanza kusali Salamu Maria. Mara ya kwanza kilianguka kabla ya "umejaa neema". Uliongeza tone moja la mafuta. Siku ya tatu tulifika "Amina" na kipira kingali kinaning'inia. Ulipiga vigelegele peke yako pale jikoni, na tumbo lako lile, nikakuambia nyamaza, majirani watasikia.

Nilikuambia nyamaza. Hata siku ile.

Basi nikaanza kushinda. Mimi na Damiano, karani mwenzangu, tulicheza wawili kwa wawili, na hapakuwa na watu wa kutuweza. Kwa wale wasiomjua, Damiano ndiye rafiki yangu aliyesimama nami kanisani siku ya ndoa yetu. Watu walianza kuuliza: ngozi hizi zinatoka wapi? Mbona zinanata hivi? Nikajibu kwamba ni fomula. Nikasema niliisoma seminari katika kitabu cha kemia. Jumapili moja nilisema hayo nyumbani kwetu, mbele ya wageni, na wewe ulikuwa umesimama pale na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi. Ulimimina, ukaonja kwanza kama desturi, ukawapa, ukarudi jikoni. Baadaye ulinicheka kidogo tu: "Kumbe Kibumba inaandikwa katika kitabu cha kemia?" Nilikasirika. Niliona unanidharau.

Nieleze na hili, maana ndilo mzizi wa woga wangu. Wakati ule nilikuwa nimeomba ile kadi ya mustaarabu, ya Mwafrika anayehesabiwa kuishi kama Mzungu. Katekista, wewe unajua: kamisheni ya Wazungu inakuja nyumbani, inaangalia kama mnakula mezani, kama mke anavaa viatu, kama hakuna hirizi wala dawa za miti ndani ya nyumba. Nilikuwa ninaishi kama mtu anayetembea na yai kichwani. Kila kitu cha kwetu kilinitia aibu: lugha, chakula, desturi. Na wewe pia, Mama Furaha. Afadhali niseme. Wewe pia ulikuwa unanitia aibu. Leo aibu imerudi kwa mwenyewe.

Kisha ukaja mchezo na watu wa Kisenyi. Siku mbili kabla yake, ngozi ya Damiano ilikuwa imekauka. Yangu ilikuwa bado nzuri. Furaha alikuwa na miezi saba na alikuwa na homa. Ulikuwa umemkumbatia tangu alfajiri, hukuweza kwenda popote. Nikasimama mlangoni, nikasema lazima ngozi ipakwe leo.

"Mafuta yako pale," ukaniambia. "Maziwa yamekwisha. Itabidi ukate muti."

"Muti gani?"

"Ule wa lupango. Ule wenye maziwa."

"Lupango gani?"

"Ya nyumbani."

"Una jina ama hauna jina?"

Ukanyamaza. Ukamfunika mtoto vizuri. Nikapandisha sauti: "Taja jina! Hapa ni Goma, hatuko kwa washenzi!"

Ukajibu taratibu, bila hasira, "Baba Furaha, unajua mimi siwezi."

Hapa, katekista, simama kidogo. Kama kuna mgeni asiyejua desturi yetu, aelezwe. Kwetu, mke hataji jina la baba mkwe wake. Si jina tu. Hata neno linalofanana nalo halitaji, analizunguka, anatafuta neno jingine. Hiyo ndiyo heshima, na mke anayeivunja amemtukana mzee mzima mzima. Papa yangu anaitwa Kavumu. Na ule mti wa kwenye lupango lake, wenye maziwa yanayonata yasiyodhuru mtu, unaitwa muvumu.

Sasa wote mmeelewa. Hata mtoto ameelewa. Mti ambao mke wangu hawezi kuutaja ni mmoja tu duniani! Ukimya wako ulikuwa jina lenyewe, Mama Furaha. Uliniambia wazi kabisa. Na "nyumbani", kwako wewe, ni kwa Papa. Siku zote ulisema hivyo, hii ya Goma uliiita "kwenye kazi". Lakini mimi nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hana masikio. Nilitoka nje nikipiga mlango. Mbele yangu kulikuwa na lupango la jirani, na lupango lile lilikuwa la miyenzi. Nikavunja tawi. Maziwa yakatoka meupe, mengi, tena yananata. Nikajisemea, ndiyo haya.

Mchungaji yeyote wa ng'ombe, hata mtoto wa miaka mitano, anajua kwamba maziwa ya muyenzi hayaguswi, yanachoma ngozi na kupofua macho. Mimi nililelewa bwenini tangu nikiwa mdogo. Nilijua mti wa mema na mabaya, sikujua mti wa nyuma ya nyumba yangu.

Niliyachanganya na mafuta, nikapaka kwa unyoya, nikafunika kwa jani kama nilivyoona ukifanya. Vidole vilianza kuwasha. Jioni vilikuwa vimevimba. Nikasema ni gundi. Ulipouliza mbona nakula kwa mkono wa kushoto, nikakuambia niache.

Siku ya mchezo homa ya Furaha ilikuwa imeshuka, nikakulazimisha uje umevaa lile gauni la bluu, kwa sababu watu wa kamisheni wangekuwepo. Ulikaa na wanawake wengine kando ya ukuta, mtoto mgongoni. Tulianza vizuri. Damiano alikuwa anacheza kama siku zote: kila baada ya pointi mbili tatu anapumulia ngozi ya raketi, haaa, halafu anaipangusa kwa kiganja ili irudie kunata. Jasho likamwingia machoni. Akajifuta kwa kiganja kilekile.

Sitasahau alivyopiga kelele. Raketi ilianguka, akashika uso, akaanza kuzunguka akigonga meza. Watu walisimama wakaangalia. Wewe peke yako ulikuja mbio. Uliokota raketi, ukainusa. Ukanitazama. Ulijua palepale, sivyo? Ulijua ni mti gani na ulijua nani ameukata. Ulimpa mwenzako mtoto, ukamlaza Damiano kichwa mapajani mwako, ukafungua gauni mbele ya watu wote, mbele ya Wazungu, ukamkamulia maziwa yako katika jicho, mara moja, mara mbili, mara kumi, mpaka akaacha kulia. Mfirimi, yule muuguzi wa zahanati, alisema baadaye kwamba bila hivyo lile jicho lingekufa. Hata leo linaona, ingawa lina wingu.

Na mimi je? Mimi nilikuwa ninaona haya kwamba bibi yangu amefungua kifua mbele ya kamisheni.

Ndipo mwenyekiti wa serkle akauliza, "Nani alitengeneza raketi hii?"

Nikasema, "Bibi yangu."

Basi. Maneno mawili. Miezi yote ile zilipokuwa sifa, ngozi zilikuwa zangu. Ilipokuwa lawama, nikakumbuka kwamba ni zako.

Ulisikia. Ulikuwa bado umemshika Damiano kichwa. Uliendelea kumfuta shavu.

Watu hawakungoja hata mchezo uhesabiwe. Alijuaje dawa upesi hivyo kama hakujua sumu? Mbona ya mume wake haikupakwa, ikapakwa ya rafiki tu? Wiki ileile wanawake waliacha kupokea kitu mkononi mwako. Ulimpelekea mke wa Damiano uji wa mgonjwa, ukaonja mbele yake, akasema asante, na uliporudi ukaukuta umemwagwa njiani. Niliuona na mimi. Niliuruka, nikaenda kazini.

Halafu Papa akaja kutoka Rutshuru. Hii ndiyo sehemu ninayoiogopa, kwa hiyo nitaiandika upesi. Walikaa uani kwetu, yeye, wajomba wa Damiano, mwenyekiti wa serkle, majirani. Wewe ulikaa chini juu ya mkeka. Papa alikupenda, unajua. Hakuja kukuhukumu, alikuja kukutoa katika maneno ya watu. Akakuuliza kwa upole, "Mutoto wangu, ulimuambia bwana yako akate muti gani?"

Ukasema, "Ule wa lupango, Papa."

"Upi? Lupango ziko nyingi."

Mjomba mmoja akaenda akavunja kijitawi cha muyenzi, akakuonyesha. "Ni huu?" Ukatikisa kichwa. "Basi ni upi?"

Goma ni mawe. Hapakuwa na muvumu hata mmoja karibu ambao ungeweza kuuonyesha kwa kidole. Na aliyekuwa anakuuliza jina la mti ndiye mwenye jina. Ukilitaja, umemtukana baba mkwe mbele ya watu, tena ukimtazama usoni. Usipolitaja, wewe ni mlozi anayeficha sumu yake. Uliinua macho mara moja tu, ukanitazama mimi. Si Papa. Mimi. Ulikuwa unaniomba niseme neno moja tu, jina la baba yangu mwenyewe, jina ambalo mimi naruhusiwa kulitaja mchana kutwa.

Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa vipya.

Nilielewa pale pale, Mama Furaha. Usimruhusu mtu aseme nilichelewa kuelewa. Uliponitazama nilielewa yote, mti, lupango, nyumbani, vidole vyangu. Na niliona kamisheni ikiandika: karani huyu anapaka utomvu wa miti kwenye raketi, hajui hata miti yenyewe, amempofua mwenzake. Nikanyamaza. Mjomba wa Damiano akasema, "Munaona? Anaficha." Papa akainamisha kichwa.

Kesho yake ulimfunga Furaha mgongoni ukashika barabara ya Rutshuru, ile inayopita kwenu Kibumba, kwa miguu. Ulinitengea chakula kabla ya kuondoka. Nilikila.

Kadi nilipewa, kama unataka kujua. Iko sandukuni, ina picha yangu nimekaza shingo. Sijui nimeitoa mara ngapi, labda mbili. Pingpong sikucheza tena. Watu walifikiri ni kwa uchungu wa mke aliyenitia hasara, wakanihurumia, nami nikaila ile huruma yao kama nilivyokula chakula kile. Kila mwaka nilijiambia nitaandika baada ya Pasaka, nitaandika baada ya Noeli. Nilijua unaumia wewe, nikaweza kuvumilia. Nisikufiche: niliweza. Ni Jumatatu hii tu, nilipoona kwamba uchafu wangu umefika mpaka kwa Leokadia, ambaye tulipooana alikuwa bado msichana mdogo, ndipo niliposhindwa kulala kitandani mwangu.

Jumanne nilikwenda kwa Damiano, nikamwambia yote. Alinisikiliza, akinigeuzia upande wa jicho zima. Akasema, "Mama Furaha alinitilia maziwa ya mutoto wake. Na mimi nilimukataza bibi yangu asimusalimie." Akarudia mara mbili. Halafu akainuka akafungua mlango, nikatoka. Ningependa angenipiga.

Jana nilipanda lori mpaka Rutshuru kwa Papa. Yeye sasa anaona kidogo na anasikia kwa shida, ikanibidi nipige kelele kuungama dhambi yangu, na watoto wa jirani wakasimama kwenye lango kusikiliza. Nilipofika pale kwenye jina, alinizuia kwa mkono. Akasema:

"Nilimuuliza mutoto wa watu muti gani. Kumbe muti ni mimi."

Nikaanza kusema samahani. Akaniambia, "Usiniombe mimi. Mimi sikufukuzwa kwangu." Kisha akamwita dada yangu amtafutie fimbo na koti. Dada akamwambia Kibumba ni mbali, na muzee hajapanda gari tangu mwaka jana. Akajibu, "Yule alikwenda kwa miguu na mutoto mugongoni."

Kwa hiyo, Mama Furaha, sikuandiki kukuomba urudi. Sina uso wa kuomba hivyo, na kama kaka zako wakiichana barua hii baada ya kusomwa, watakuwa na haki. Nataka tu watu wa Munigi wawepo kwenu Jumapili baada ya misa, na barua hii iwe imekwisha kusomwa kwao mapema, ili wasije na kisingizio. Leokadia avae vizuri. Serkle nimewaandikia pia, na kamisheni wakiitaka kadi yao waje waichukue. Damiano ametuma neno leo asubuhi kwamba atakuja na bibi yake, lakini si katika gari moja na mimi.

Jumapili Papa atasimama katika lupango la wazazi wako. Atasema jina lake mwenyewe mbele ya watu wote, halafu atasema ni jina la mti, na kwamba wewe uliliheshimu kuliko mwanawe alivyoliheshimu. Amesema swali lile alilokuuliza atakujibia yeye. Yakifika maneno yangu, nitataja mti nilioukata mimi, na mkono nilioukatia. Kama hutaki kuniona, kaa ndani na Furaha, funga mlango. Nitapaza sauti, usikie ukiwa humohumo ndani.

Mungu akulinde wewe na mtoto mpaka siku hiyo na baada yake.

Ni mimi, ambaye jina lingine mbele yako sina,

Baba Furaha